Mbuzi wa Kamera

Sisi watu wa Kiganjo tulimwita Mama Picha, na hata wale waliojua jina lake la kanisani walilitumia siku ya harambee tu. Studio yake ilipakana na kinyozi changu. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hivyo nilisikia kila alichomwambia mteja, naye alisikia mashine yangu ikilia, tukaishi hivyo miaka mingi bila kufichana mengi. Mteja alianza kwangu, akanyolewa, kisha akapitia kwake kupigwa picha kabla nywele hazijaanza kuota. Alikotoka na mbari yake sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia mambo ambayo hana picha yake.

Kabla hajakupiga picha alikuuliza kama umekula. Ukisema bado, alikutuma kwa mama wa chapati wa pale kona, urudi ukishiba. "Njaa hukaa hapa," alisema akijigusa chini ya macho, "na mimi sina lenzi ya kuitoa." Ukidanganya alijua. Wengine walifika na makombo ya mandazi mdomoni yawe ushahidi, na hapo alikasirika upya kwa sababu makombo nayo yanatokea kwa picha.

Nyuma ya kiti cha wateja alitundika turubai lililochorwa maporomoko ya maji, na twiga pembeni. Maporomoko ya kweli yako mwendo wa bodaboda kutoka Thika, lakini watu walipendelea haya ya kuchorwa. Yale ya kweli, walisema, yanarushia suti maji. Aliyechora turubai hakuwa amewahi kuonana na twiga, akampa masikio ya ng'ombe. Mtoto akikataa kucheka, Mama Picha alimwambia, "Hebu muulize huyo ng'ombe alirefusha shingo akitafuta nini." Mtoto aligeuka kuangalia, na picha nyingi za watoto wa Kiganjo za miaka hiyo ni za kisogo.

Ulimi wake haukujua kupaka mtu mafuta. Alimwambia pasta wetu kwamba akiomba anakunja uso kama aliyekanyaga msumari. Alimwambia mke wangu, harusi ikiwa bado mbichi, kwamba pua yangu itaendelea kukua, na imekua. Lakini picha zake, jamani, zilikuwa na upole ambao mwenyewe hakuwa nao. Kamera yake ilikuwa ya zamani, na kila kitu kilitoka na kaukungu kadogo. Mikunjo, chunusi, jino lililokwenda zake, vyote viliingia humo kwenye ukungu vikatulia. Akina mama wa kanisa walisema picha zake zinasamehe. Wazee walikuja mapema kupigwa picha ya programu, ile ya jalada la programu ya mazishi, wakaiweka kabatini ingali na mashavu. Nimehudhuria mazishi ambako marehemu alionekana mdogo kuliko watoto wake, na hakuna aliyeona ajabu.

"Sura ni ya Mungu, taa ni yangu," ndivyo alivyopenda kusema. Wateja walidhani anajisifu. Mimi niliyekuwa upande wa pili wa mbao nilisikia anavyolisema hilo wakishaondoka, na haikuwa sauti ya kujisifu.

Sasa habari ya kamera. Kuna kampuni mbili ambazo sitazitaja, kwa sababu mashabiki wao ni wengi na kinyozi changu kina kioo mbele. Ile aliyoanza nayo Mama Picha aliiita Kwetu. Ile nyingine aliiita Ng'ambo. Ng'ambo walikuwa wametoa kamera mpya yenye pikseli za kufuru, kwamba picha yake unaivuta na kuivuta na bado unaona vitu vipya ndani, na Mama Picha aliitamani hadi akaacha kuitaja. Shida ni kwamba lenzi za Kwetu haziingii kwa kamera ya Ng'ambo, kama vile kifuniko chako kisivyoingia sufuria ya jirani. Anayehama anahama na nguo alizovaa tu. Lenzi zote alizonunua maishani anaziacha nyuma.

Basi akalifanya jambo hilo la kisiasa. Mnawajua wanasiasa wetu, hakuna anayesema anatoka chamani. Atasema atatoa mwelekeo baada ya kushauriana na watu wake. Mama Picha hakuwapenda wanasiasa hata kidogo, lakini maneno yao aliyachukua yote.

"Mama Picha, tunasikia unahama."

"Sijatoa mwelekeo. Bado nashauriana na watu wangu."

Watu wake tulikuwa mimi, mama wa chapati, na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Tuliitwa studio mchana, tukakalishwa mbele ya maporomoko, chai ikaletwa, tukaelezwa habari ya pikseli. Mwenyekiti aliuliza kama hizo pikseli zinaisha, mtu ananunua zingine. Mama wa chapati alitaka kujua kama wenye Ng'ambo wameokoka. Mimi nilipinga waziwazi. Nilisema mtu hahami nyumba yake kwa sababu jirani amepaka rangi. Mashine yangu ya kunyolea ilikuwa na tabia ya kuvuta upande wa kushoto, na ule ukungu wa Kwetu ulikuwa umenifaa sana kikazi.

Habari ikafika Ruiru. Huko kulikuwa na vijana wapiga picha, wote wa Ng'ambo, na wakatuma wajumbe. Walikuja Jumapili wakiwa na suti, wakiongozwa na kijana mmoja mrefu aliyeinama kupita mlango. Walileta sukari, unga na leso.

"Mathe, hatujakuja kukuforce," yule mrefu alisema. "Tumekuja tu kukusalimia."

"Nimesalimika."

"Lakini hii machine, mathe, iko clear mbaya. Nzi akitua kwa keki ya harusi, unamcount miguu."

"Na huyo nzi ananisaidia na nini?"

"Si nzi ndio point."

"Basi usimlete kwangu."

Walimwachia kamera pamoja na lenzi yake, aishi nayo mwezi mmoja aone. Ploti nzima ikasema Mama Picha ameingia come-we-stay, ile ya kuishi na mtu bila ndoa. Alituita watu wasio na adabu, kisha jioni nikamwona akiifunika kamera ile kwa leso ili isipate vumbi.

Mwezi huo ulikuwa wa taabu. Mteja wangu mmoja alirudi kwangu na picha mkononi, akaniwekea kidole pale mstari wa nywele ulipopinda, na kwa kweli ulikuwa umepinda kama barabara ya Gatanga. Mwenyekiti wa akina mama naye alipigwa picha kwa ajili ya kalenda ya kanisa, akaja kuichukua, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga.

"Hizi ni ndevu?" aliuliza.

"Ni ndevu," Mama Picha alisema.

"Za nani?"

"Mimi sikuzileta."

Mwenyekiti hakukanyaga studio tena mwezi huo, na akina mama wakamfuata.

Halafu ikaja ruracio moja, sherehe ya mahari, huko Ruiru. Mimi nilikuwa upande wa bwana arusi, kwa kuwa niliwanyoa wote waliosindikiza, na Mama Picha alikuwa ameitwa kupiga picha. Siku ya mahari kwetu kuna mchezo ambao si mchezo sana. Wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi chini, wakaletwa wamejipanga, na bwana arusi huambiwa amchague wake. Akikosea analipa faini, na upande wa msichana huwa wameshaipigia hesabu hiyo faini kabla wageni hawajafika.

Wasichana wakaja. Mama Picha akawapiga picha kutoka mbele, kisha akarudi kwenye hema kivulini, ambako shangazi wa bwana arusi, mama mmoja mwenye pumzi nzito, alimwomba aone. Mama Picha alikuwa na kamera isiyo yake na hamu ya kuionyesha. Akamwonyesha.

"Hebu vuta hapo chini kwa miguu," shangazi alisema.

Akavuta. Leso zilikuwa zimeacha vidole nje kidogo tu, na kutoka hemani hukuweza kuviona. Kwa kioo cha kamera vilijaa vikubwa, na mchanga kwenye kucha.

"Huyo wa mwisho ndiye wetu. Hicho kidole kimepanda mwenzake nakijua, nilikikanyaga siku alikuja kutusalimia."

Wakati huo bwana arusi alikuwa tayari ameshika mkono wa binamu ya msichana na anaanza kuinua leso. Shangazi akakohoa, akamwelekeza kwa macho kule mwisho. Kile kikohozi hakikuwa cha mtu mgonjwa, na kila mtu alikisikia. Kijana akauachilia ule mkono, akaenda moja kwa moja hadi kwa wa mwisho, akafunua, na alikuwa ndiye.

Upande wa msichana hawakupiga vigelegele. Walisimama wakiangalia hema letu. Kisha msemaji wao, mzee aliyevaa kofia ya manyoya kwenye jua lile, akaomba kimya.

"Sisi tulikubaliana na watu," alisema. "Hatukukubaliana na kitu kinachoona kuliko watu."

Wazee wa pande zote mbili wakaenda kukaa kando, nyuma ya tangi la maji. Walikaa sana. Waliporudi, msemaji akatangaza kwamba kamera imepatikana na hatia ya kuangalia miguu ya wasichana wa wenyewe, na faini yake ni mbuzi.

"Mimi nimeitwa kazi tu," Mama Picha alisema.

"Hatujakutaja wewe. Tumesema kamera."

"Kamera haina mbuzi, mzee."

"Hakuna kitu hakina watu wake. Hii watu wake ni akina nani?"

Watu wakaangaliana. Nyuma kabisa, kando ya spika, yule kijana mrefu aliyekuwa ameitwa kupiga video akasimama, akavua kofia. "Ni sisi," alisema, na wazee wakamtazama kwa heshima, wa pande zote. Vijana wa Ng'ambo wakachanga pale pale, mbuzi akaletwa kwa bodaboda akiwa amepakatwa, akachinjwa, akachomwa. Mama Picha alikatiwa nyama nzuri na akala. Mimi pia nilikula, na kwa kweli mbuzi yule alikuwa na mafuta.

Tulikuwa tumekaribia kufika Thika jioni hiyo aliponigusa bega.

"Kinyozi, nimekula mbuzi wao."

"Sote tumekula."

"Nyinyi mmekula. Mimi nimelipiwa."

Nilimwambia yule alikuwa mbuzi wa faini, si wa mahari. Akasema mbuzi hajui tofauti. Nikamwambia wazee wanajua. Akasema wazee ndio waliomla, na yeye amekaa katikati yao akilamba vidole mbele ya mashahidi. Kwetu mtu akikulipia mbuzi mbele ya wazee na wewe ukala, huwezi kuamka kesho useme humjui. Nilicheka wakati ule, lakini nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu, naye hakucheka. Alisema, "Basi huyo ameenda."

Alijaribu kulipa. Alituma mbuzi mwingine Ruiru, mkubwa kuliko yule, na vijana wakamrudisha na ujumbe kwamba yule wao alikuwa wa mapenzi. Hapo mambo yakaharibika zaidi. Mbuzi aliyerudishwa akafungwa nje ya studio yake, akala mabango ya kanda za injili yaliyokuwa ukutani, na kila mpita njia alisimama kuuliza ni wa nani na anaoa nani.

Alasiri moja, mvua imefukuza wateja, Mama Picha alikuja kukaa kwa kiti changu cha kunyolea. Hakuwa na nywele za kunyoa. Aliangalia kioo, kisha akaangalia mikono yangu.

"Unajua wewe umenishinda," alisema. "Wewe unashika uso wa mtu, unaugeuza, unauona. Mimi nimepiga watu wa hapa tangu wakiwa watoto na sijamwona hata mmoja. Nimeona ukungu wao."

"Wanaupenda ukungu wao."

"Najua. Na mimi ndio nimewazoesha. Kinyozi, nataka nimpige mtu mmoja vile alivyo, ajiangalie, akubali ni yeye. Mmoja tu. Halafu hata nikikufa."

"Na wakikataa wote?"

"Wakikataa wote nitakula nini?" Akasimama, akapangusa kiti kana kwamba ndiye aliyenyolewa. "Umeona mwenyekiti alivyoondoka."

Nilimhurumia. Sikuwa nimejua kwamba kulikuwa na jambo hilo chini ya mambo yote yale ya mwelekeo na wajumbe, na niliona aibu ya kucheka. Hata hivyo sikubadilisha msimamo, kwa sababu sikutaka aende. Ukuta ule wa mbao nilikuwa nimeuzoea ukiongea.

Mwelekeo ulitoka Jumatatu moja asubuhi. Nilipofika kufungua, turubai lilikuwa limekunjwa juu ya pikapu, twiga akichungulia kwa nyuma, na vijana wa Ruiru wanabeba taa. Lenzi za Kwetu alikuwa amezigawa, moja kwa kanisa, zingine kwa shule ya hapo Kiganjo. Alinisalimia kwa mkono kama mgeni. Akasema nikiwa na wateja wazuri niwatume. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia, na mwezi mzima nilinyoa watu kwa redio ya sauti ya juu.

Miaka ikapita bila kumwona. Nilisikia tu kwamba Ruiru amepata jina, kwamba foleni yake inafika kwa muuza viatu.

Mwaka jana mama yangu, ambaye sasa tunaishi naye, alianza kudai picha ya programu. Si kwamba alikuwa anaumwa. Alikuwa ameenda mazishi ya rafiki yake, akakuta wametumia picha ya kitambulisho, na marehemu alionekana kama mtu aliyeshikwa na polisi. Alituambia mwenyewe hatakubali. Tukapanda treni hadi Ruiru, yeye akiwa na kitambaa kipya kichwani, mimi nikitafuta maneno ya kumwambia jirani yangu wa zamani.

Mama Picha alikuwa amepungua, na miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alinikumbatia, akaniambia nimezeeka upande mmoja. Kisha nikaiona kamera. Ilikuwa ile ile ya Ng'ambo, yenye kuona vidole, na mbele ya lenzi amevuta soksi ndefu ya wanawake, ya rangi ya kahawia, akaifunga kwa raba bendi. Nilicheka hadi nikashika meza.

"Cheka," alisema. "Watu wanataka kupigwa picha na kamera kali, wakasimulie. Picha kali hawataki. Wanakuja kwa sababu ya kamera, wanarudi kwa sababu ya soksi."

"Na yule mtu mmoja?"

Akaanza kupangusa meza. "Nilijaribu mwaka wa kwanza. Nilirudishia watu pesa zao hadi nikachoka. Bibi arusi mmoja alilia hapo ulipo. Nikasema basi, wacha nifunge soksi nile."

Hakulisema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Alimkalisha mama yangu kwa kiti, akamnyoosha kitambaa. Mama alikuwa anaitazama lenzi.

"Hiyo ni nini wameweka hapo?" aliuliza.

"Ni soksi, cucu," Mama Picha alimjibu, akimwita nyanya kwa lugha yetu. "Inalainisha kidogo."

"Ni ya nani?"

Mama Picha alirekebisha raba bendi. "Ilikuwa yangu. Imefuliwa."

"Hapana, mami. Mimi siwezi kupigwa picha nikipitia mguu wa mtu. Nimetoka nyumbani nimeoga."

"Cucu, nikiitoa itaonyesha kila kitu."

"Si hicho ndicho nimekujia?"

Mama Picha alinitazama. Nikainua mabega, kwa sababu mama yangu akishasema jambo hatuna la kuongeza. Akaitoa raba bendi, akaivua soksi polepole, akapiga. Kisha akashikilia kamera kifuani bila kuigeuza.

"Lete nijione," mama alisema.

Tukainama wote watatu. Uso wa mama ulijaa kioo. Niliona nywele nyeupe moja moja chini ya kitambaa, na lile jicho la kushoto lililoanza kufunga, na kwenye paji la uso mfereji mdogo umepita kutoka upande hadi upande, wa ule ukanda wanawake wa umri wake walibebea kuni. Nimegeuza nyuso za watu mikononi mwangu maisha yangu yote ya kazi. Wa mama yangu sikuwa nimeuangalia.

Mama aligusa kioo kwa kidole. "Hii ni ya kuni," alisema. Akashuka chini, pale katikati ya nyusi. "Hii ni ya huyu." Akanielekeza kidole gumba bila kuniangalia.

Mama Picha aliishika tena soksi. "Nifute, cucu? Tunaweza kurudia na soksi."

"Ufute nini na ni mimi?"

Nje mtu alikuwa anaita abiria wa Githurai. Mama alianza kutafuta mkoba wake, akauliza kama tumemaliza, maana kuku wake hawajafungiwa na treni haingoji mtu. Mama Picha alikuwa amevuta kistuli, amekaa mbele yake karibu kabisa, magoti yakigusana, kamera imelala mapajani.

"Bado, cucu," alisema. "Wacha nikuangalie kidogo."